Rula kwenye Pua ya Kaizari

Kimironko, Kigali

Kaka Mutsinzi,

Mama hajambo, anakusalimu. Ila usinitume tena kazi kama ile. Nilimpeleka yule mbwa, Kaizari, kwenye chama cha wafugaji mbwa ili apewe cheti cha mbwa halisi wa Kijerumani, maana mnunuzi wako hataki chotara. Bwana wa pale akatoa rula, akaanza kumpima pua.

Ndivyo Wabelgiji walivyompima babu yetu, wakamwandikia kabila kwenye kitambulisho, baadaye akafukuzwa nchini kwa kabila hilo, na ndiyo sababu wewe na mimi tulizaliwa ukimbizini Karagwe. Nilivuta kamba tukaondoka, rula ikiwa bado hewani.

Simuuzi. Mnunuzi akiuliza mbwa huyu ni wa damu gani, mwambie ni wa kwetu.

Ni mimi dada yako, bado nina hasira,
Annah