Kiraka cha Baba Ndani ya Hita

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, naomba uniokoe kabla mimi na baba yangu mzazi hatujafika mahali pa kushindwa kutazamana, maana sasa hivi hatusemezani, na sababu yenyewe nikiitaja utacheka, ni kipande cha bati kisichozidi kiganja cha mkono.

Mimi ni fundi wa bodi za magari, mwanamke, nina gereji yangu mwenyewe, na sijisifu ila wateja ndio wanaosema, kwamba gari likitoka mikononi mwangu huwezi kuonyesha palipogongwa. Baba yangu ni dereva mstaafu, mtaa mzima unamwita Dereva, hata wanaolijua jina lake, na lori lake la zamani ndilo lililotulea, limebeba mbao, limebeba saruji, limetubeba sisi kwenda shule siku za mvua, na tangu alipostaafu lilikaa uani chini ya turubai likawa mali ya panya. Mwaka huu nikasema basi, lori hili litatembea tena. Injini akaifufua rafiki yake wa siku nyingi, bodi nikainyoosha mimi, ikabaki hita, na hita si ya kupuuza kwa sababu mama ana magoti yanayomsumbua na anataka kwenda kwa mama mkubwa, dada yake, anayekaa juu kabisa mlimani, na anataka kwenda kabla baridi haijakolea, na gari jingine lolote amelikataa, anasema akienda ataenda na lori la mume wake au hataenda.

Sasa Shangazi, nilipolitoa boksi la hita chini ya dashibodi nilitamani kulirudisha nijifanye sikuliona. Ni boksi la bati tu, ndani yake kuna rejeta ndogo na feni, maji ya moto ya injini yanapita kwenye rejeta, feni inapuliza, joto linawafikia abiria, ndivyo inavyotakiwa, lakini panya walikuwa wamejenga mji humo, sponji ya kiti wameibeba yote, nyuzi za blanketi, maganda ya karanga, nyaya za feni wamezitafuna zikabaki uchi, na mkojo wao ulikuwa umelila bati mpaka ukilibonyeza kidole kinapita upande wa pili. Harufu sikuelezei, huenda unasoma hii huku unakula. Kaka yangu, ambaye anauza simu na hajawahi kushika nyundo maishani, alisimama mlangoni ameziba pua akasema, "Dada, hilo zika tu, tukuletee na sanda."

Sikulizika. Nilivaa barakoa na glavu, nikaulowesha uchafu wote kwa dawa ndipo nikautoa, nikasugua kwa brashi ya waya, nikakata palipooza, nikachukua vipimo kwa karatasi ngumu, nikakunja bati jipya, nikachomelea kidogo kidogo ili lisijipinde kwa moto, nikasaga maungio mpaka ukipitisha kidole hujui jipya limeanzia wapi, kilango cha kugeuza hewa nikakivalisha sponji mpya, rejeta nikaizibua nikaijaribu kwa maji, haivuji hata tone, nyaya mpya, feni inazunguka kimya. Shangazi, nilililaza lile boksi mezani nikawa nalizunguka tu, nikijisemea kazi ni hii, na kama kuna fundi mwingine mjini hapa anaweza kuifanya basi ajitokeze nimwone.

Nimelimaliza lote isipokuwa mahali pamoja upande wa chini, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Hapo chini kuna kiraka. Kimekatwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na kilikatwa kwa kisu maana kingo zimekwenda upogo, hakina ribiti hata moja, kimeshikiliwa na misumari iliyokunjwa, na juu yake kimepakwa lami nzito. Bati la kiwandani lililokizunguka lilikuwa limeoza lote, nimelibadilisha, lakini kiraka chenyewe hakina kutu hata chembe. Nilifunga milango ya gereji nikawasha taa ndani ya boksi nitafute mahali mwanga unapopenya, na pale kwenye kiraka haukupenya kabisa.

Mama alikuwa ameniletea chai. Alipokiona akakiweka kikombe chini. "Kumbe bado kipo!" akasema, na ndipo akanihadithia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Nilikuwa mchanga, kitovu hakijadondoka, wananipeleka kwa mama mkubwa akanione, na katikati ya ule mlima boksi likatoboka, moshi wa injini ukaanza kuingia ndani. Wakizima hita naganda, wakiiwasha nakohoa. Baba akaegesha pembeni, akamimina maziwa ya unga ya mama kwenye mfuko, akalichana kopo kwa kisu cha matunda, akajilaza chali chini ya dashibodi na baridi ile, akawa anapigilia huku anatukana kila msumari kwa zamu yake, kisha kingo akaziziba kwa kipande cha sabuni. Lami aliiomba baadaye kwa watu waliokuwa wakitengeneza barabara. "Ulifika kwa dada umelala fofofo, una jasho puani," mama akaniambia. Niligeukia ukuta, Shangazi, sikutaka anione machozi. Mtu hajui uchomeleaji, hana chombo chochote, na kazi yake imekaa umri wangu wote bila kulegea. Najivunia baba yangu mpaka kifua kinauma, nikaamua kiraka hakitoki.

Jioni akaja mwenyewe kukagua. Akaligeuza boksi huku na huku, akatikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka alipofika chini.

"Hiki bado kinafanya nini hapa?"

"Ni kiraka chako, baba."

"Najua ni changu. Kitoe."

"Sikitoi."

"Mwenye lori ni nani?"

"Ni wewe. Na fundi ni mimi."

Akavua miwani. "Fundi gani anaacha kopo la maziwa ndani ya kazi yake? Watu watasemaje?"

Hapo nilipandwa na hasira, nikamjibu kwamba kama kazi yangu haimridhishi atafute fundi mwingine, naye akatoka bila kuaga. Tangu siku hiyo tukikaa mezani anazungumza nami kupitia kwa mama, "Mwambie fundi wako anisogezee chumvi," na mimi chumvi naisogeza kwa mama, na mama anampa, tumekaa watu watatu meza moja kama ofisi ya posta. Na kinachonishangaza zaidi, amewaalika madereva wastaafu wenzake waje waone boksi kabla halijafungwa, na amekataa katakata lirudishwe chini ya dashibodi mpaka waje, wakati baridi inakaribia na mama anazidi kuyasugua magoti yake. Mama naye amechoka, amesema ama tupatane ama atajifunika blanketi aende hivyo hivyo. Shangazi, nimtii baba nikikate, au nishikilie msimamo wangu? Nikikikata nahisi nitakuwa nimemkata yeye.

Mimi,
Fundi Niliyenuniwa

*

Mwanangu fundi,

Kwanza hongera, na nakupa kwa moyo wote. Mimi mambo ya hita siyajui, nyumbani kwangu hata pasi hunishinda, lakini barua yako imenifanya nitamani kuwa na lori bovu ili nikuletee. Umevaa barakoa, umelowesha uchafu wa panya kabla ya kuugusa, hapo umenifurahisha sana, maana wapo wanaoupuliza kwa mdomo halafu wanashangaa wanaumwa. Kaka yako mwambie nimemsalimu, na sanda aiweke.

Sasa tuje kwenye shingo yako ngumu. Mikono yako inafanya kazi vizuri kuliko masikio yako, binti. Baba yako kakuuliza watu watasemaje, nawe ukasikia kwamba anaidharau kazi yako. Hebu rudia kusoma ulichoniandikia mwenyewe. Mzee ana lori zima limefufuka, limenyooshwa, linanguruma, halafu anawaita wenzake waje kutazama boksi la hita! Nani katika dunia hii huita wageni waje kutazama boksi la hita? Lori wanaweza kuliona siku yoyote likipita barabarani. Boksi likishafungwa chini ya dashibodi hakuna atakayeliona tena, na yeye anataka waone alichofanya binti yake. Ndiyo maana kiraka kinamkera. Haogopi wenzake wamcheke yeye, anaogopa waiguse kazi yako wakute kopo lake katikati wakudhanie wewe ndiye uliyelipua kazi.

Kwa hiyo mna ugomvi wa ajabu nyumbani kwenu. Wewe unajivunia yeye, yeye anajivunia wewe, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumwambia mwenzake. Badala yake mnasukumiana chumvi, na mwenye magoti mabovu ndiye mmemfanya tarishi. Mnapaswa kuona haya, wote wawili. Wewe zaidi, kwa sababu wewe ndiye uliyeniandikia na yeye siwezi kumfikia.

Sikia utakachofanya, na ukifanye kesho asubuhi, usinitafutie visingizio. Mwite baba yako gereji, mwite mwenyewe kwa mdomo wako, usimtume mama. Mwambie umehadithiwa habari za ule mlima. Kama mama yako alikuficha miaka yote hii, basi huenda baba yako hajui kwamba unajua, na kuna jambo ambalo hajawahi kulisikia kwako, nalo ni asante. Sema asante yako wazi, usizungukezunguke, na machozi yakija yaache yaje, ukuta hauna haja nayo.

Kisha mpe mkasi wa bati mkononi na umwachie boksi. Usimsimamie. Kiraka ni chake. Alikiweka yeye, kukitoa au kukiacha ni juu yake, si juu yako, hata kama fundi ni wewe. Toka nje, kanywe chai na mama yako. Ukirudi ukakuta kipo, usimcheke wala usimwambie "nilijua." Kipake lami mpya pembeni mwa maungio yako, umalize rangi, kazi iishe. Ukirudi ukakuta amekikata, usinune. Funga tundu lake kwa bati jipya kama unavyojua, na kile kiraka kipigilie ukutani gereji kwako, mahali mteja akiingia anakiona kabla hajaona bei zako. Wala hutakuwa umemkata baba yako, ondoa hilo kichwani.

Na madereva wastaafu waje, tena wapikieni. Siku hiyo mkae yeye upande huu wa boksi na wewe upande ule. Wakiuliza kile kiraka cha kopo ni kazi ya nani, popote kitakapokuwa, jibu wewe, na uwahadithie mlima wote na misumari iliyotukanwa. Wakiuliza boksi limetengenezwa na nani, wewe funga mdomo wako, mwache baba yako ajibu. Msikilize mpaka amalize, hata akirefusha.

Wakiondoka, lifungeni boksi siku hiyo hiyo, muiwashe hita, mumpeleke mama yenu kwa dada yake. Yeye akae katikati yenu, pale hewa ya moto inapotokea.

Shangazi yako