Nafasi Tupu Ndani ya Laptopu Yetu

Kaka yangu Kasiani,

Fundi ameifungua laptopu yetu, na ndani hakuna kile ulichosema umekiweka. Naanza na hilo hata kabla ya salamu, kwa sababu leo ni siku ya nne sina jingine kichwani. Nalala nalo, naamka nalo, naingia nalo darasani, watoto wananiuliza, "Mwalimu, unaumwa?"

Nilikuwa nimepata mshahara wangu wa tatu wa ualimu. Nikasema sasa nitaimalizia ile ndoto yetu, niongeze memori nyingine juu ya ile uliyoongeza wewe. Nikaipeleka kwa kijana mmoja hapa Morogoro anayetengeneza kompyuta. Akaigeuza, akatoa skrubu, akafungua kile kifuniko kidogo cha chini.

"Dada, umesema hii ilishaongezwa memori?"

"Ndiyo. Kaka yangu aliiongeza Dar, mwaka juzi."

"Basi hawakuiongeza. Nafasi ya kwanza ina ile iliyotoka nayo kiwandani. Ya pili hii hapa, tupu. Na hizi skrubu mimi ndiye wa kwanza kuzigusa."

Nilibishana naye, Kasiani. Unanijua. Nilimwambia labda hajui kazi. Nilimwambia mimi mwenyewe nilicheza lile gemu la magari kabla na baada, na baada lilikuwa linateleza. Akaiwasha, akaingia mahali pa kupanga picha za gemu, akatabasamu.

"Inateleza kweli, imepunguziwa mzigo wa kuchora. Kuna mtu amezima miti."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

Unakumbuka miti ile? Uliporudi kutoka Dar ukanikabidhi laptopu, nilikimbiza gari langu jekundu toka mwanzo hadi mwisho bila kukwama hata mara moja. Nikakuuliza mbona miti ya kando ya barabara siioni tena. Ukanijibu, uso mkavu kabisa, "Kwa mwendo huo utaona miti saa ngapi?" Na mimi, mwanafunzi wa sayansi, nikakubali. Nikaenda shuleni kuwahubiria wenzangu bwenini kwamba memori ikiwa kubwa, dereva haoni miti.

Tulivyogombana juu ya mashine hii, jamani. Mhandisi mgeni uliyekuwa ukimwendesha alipomaliza mkataba wake alikuachia kama zawadi, na tangu siku hiyo nyumba yetu haikukosa mjadala. Gemu lile lilikuwa kubwa kuliko nguvu za mashine. Ukifika kwenye kona, gari linasimama, linaruka, linasimama tena, kama baiskeli yako ikipita matuta ya mpunga. Wewe ukasema dawa ni memori, tutoke megabaiti kumi na sita twende thelathini na mbili. Mimi nikasema tunampaka mgonjwa mafuta, ugonjwa upo ndani: tuiuze, tununue mpya yenye prosesa ya kisasa na kadi ya picha inayojitegemea. Ukasema hiyo mpya inauzwa kwa watu wenye viwanda. Nikasema memori ya laptopu nayo ni wizi mtupu, kijipande kama kiberiti kinauzwa mara mbili ya memori ya kompyuta ya mezani. Ukasema tusubiri, bei za vitu hivi hushuka kila mwaka.

"Ukisubiri bei ishuke utazeeka hujacheza," nikakwambia.

Hukuzeeka, kaka. Neno lile linanichoma nikilikumbuka.

Baba alikuwa akitusikiliza, na kila tukitaja bei aliigeuza kuwa magunia, kama kila mtu wa Ifakara anavyofanya, iwe ni bei ya redio au mahari. "Kwa hiyo hicho kiberiti chenu ni gunia sita za mpunga," alisema. "Na kinapikwa na nini?" Lakini alitupa ngwe yetu wawili kule Katindiuka, akasema tutakachovuna ni chetu, tukakipike tunavyojua. Tulilima kweli. Nikija likizo nashika jembe, nikiwa shuleni unaamka kabla ya kazi unapalilia upande wangu. Tukakubaliana: gunia sita zikipatikana, unakwenda Dar.

Sasa nataka nikukumbushe siku moja. Najua unaikumbuka kuliko mimi, lakini barua hii si yako peke yako, na wengine watakaoisikia hawakuwepo.

Ilikuwa karibu na mwisho wa likizo yangu. Mpunga wetu ulikuwa umekomaa, umekauka, unangoja mundu tu. Wa mama Sabina, jirani yetu mjane, ulichelewa kupandwa, punje zake bado zilikuwa laini, zina maziwa, na ndege wale kweleakwelea wanapenda maziwa. Kuamia ndege tulikuwa tunashirikiana, nyumba tatu, dungu moja katikati. Aliye zamu anakaa juu, anavuta kamba, makopo yanalia shambani, ndege wanaruka. Zamu haiangalii mpunga ni wa nani. Hiyo ndiyo sheria yetu, na mtoto wa miaka saba anaijua.

Asubuhi ilikuwa zamu yako. Alasiri ikawa yangu. Ulikuja na laptopu kwenye mkoba kwa sababu nilikuomba, tukabishana tena kidogo juu ya prosesa, halafu ukapanda baiskeli kwenda posta kupiga simu duka la Dar kuuliza bei ya siku hiyo. Ukaniambia, "Chaji ni ya saa moja. Cheza raundi moja, ufunge." Nikasema sawa.

Nilifunga kamba kwenye kidole gumba cha mguu. Nilijiona mjanja sana: mikono inaendesha gari, mguu unaamia ndege. Nikavaa visikilizio masikioni ili niusikie muungurumo wa injini vizuri. Nikawa napiga mguu teke kila kona. Kumbe kamba ilikatika mapema, nikawa napiga teke hewa tupu, na makopo yamenyamaza, na mimi siwezi kusikia kwamba yamenyamaza. Nilicheza mpaka kioo kikawa cheusi.

Nilipovua visikilizio nikasikia sauti yao. Si kelele kubwa. Ni kama mvua inayoanza kwenye makuti. Nikapiga kelele, wakanyanyuka kutoka upande wa mama Sabina wote kwa pamoja, na jua likapotea kwa muda.

Ulifika wakati huohuo. Ukaegemeza baiskeli, ukatazama shamba lake, ukanitazama mimi na laptopu mapajani.

"Chaji imeisha saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Ukapanda dunguni, ukaunga kamba, ukaniambia, "Teremka, nenda nyumbani. Nitamalizia mimi." Nikateremka mbio. Nilidhani umekasirika kwa sababu ya bei uliyoambiwa kwenye simu. Naapa ndivyo nilivyodhani. Nikajiambia ndege hula kila mwaka, wamekula kidogo, basi. Siku ya tatu nikapanda basi kurudi shule, na mavuno sikuyaona.

Kwa hiyo fundi alipofunga kifuniko chake nilikuwa na swali moja tu: gunia zetu sita zilikwenda wapi? Nilikasirika, Kasiani, sitakuficha. Nilisema moyoni, kumbe kaka yangu alikuwa tapeli, amekula jasho langu akanizimia miti. Ilikuwa Ijumaa, na siku ileile nikapanda basi la Ifakara. Njia nzima nakutukana marehemu.

Mama nilimkuta anapepeta mchele. Sikungoja hata maji. Nikamuuliza mpunga wa ngwe yetu Kasiani aliuza kwa nani.

Akanishangaa. "Aliuza? Si mlimpa mama Sabina?"

"Tulimpa?"

"Wewe na yeye. Alikuja akasema mmekubaliana wote wawili, gunia zote sita ziende kwa yule mama, kwa sababu ndege walimmaliza siku aliyolala zamu. Mwanangu, nilijivunia wewe kuliko hata yeye. Aliyelala ni mmoja, mkalipa wawili."

Ungo ulikuwa mikononi mwake, na pumba zilikuwa zinashuka taratibu. Mwaka na zaidi mama ananisifu moyoni mwake kwa kitu nilichofanyiwa. Nikatoka nje kana kwamba naenda chooni, nikaendelea kutembea, nikajikuta nimefika Katindiuka, mlangoni kwa mama Sabina.

"Shikamoo mama Sabina."

"Marahaba mwanangu. Mwalimu wetu. Karibu."

Nilimuuliza bila kuzunguka. Naye akanijibu hivyohivyo, anachambua mboga. "Marehemu alikuja hapa kabla jua halijazama, siku ileile. Akasimama palepale uliposimama. Akasema, mama, zamu ilikuwa yangu, nilipitiwa na usingizi. Nilimsema sana. Nilimwambia hana haya, mtu mzima na ndevu zake. Baadaye akaleta mpunga, na mimi nikanyamaza, lakini watu walishajua. Wakamwita Mlalazamu. Hata vijana wa huku hawakumpa tena nafasi kwenye dungu, wakasema huyu atatumaliza."

Mlalazamu. Jina hilo nililisikia mazishini kwako na sikulielewa.

Bi Tatu, mtani wetu, alivaa shati lako la kazi na kofia yako. Akakalia kinu kilichopinduliwa, akashika kamba, akaanza kusinzia, kichwa kinaanguka, anakoroma. Watu wakaimba, "Ndege hao, Mlalazamu, amka." Akashtuka, akavuta kamba upande usio na kitu, akalala tena. Uwanja mzima ulicheka katikati ya msiba, kama watani wanavyotufanyia ili tusife wote. Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashikiliwa na shangazi. Nilidhani wanakutania kwa sababu ulipenda usingizi, na kweli uliupenda. Kumbe walikuwa wananiigiza mimi, kaka. Walikuwa wanaigiza alasiri yangu, wameivika shati lako, na mimi nimekaa mstari wa mbele nashangilia.

Bado nashindwa kuelewa uliwezaje. Ulikuwa unanipokea stendi kila likizo, unanibebea begi, unaniuliza, "Vipi, linateleza?" Najibu linateleza. Unasema, "Memori hiyo." Hukuwahi kunitupia hata jicho la lawama. Mara moja tu, sasa nakumbuka, nilikwambia tuombe zamu ya dungu ili tukae kule tucheze kama zamani, ukasema umechoka na ndege. Niliona umekuwa mvivu.

Mama Sabina aliniuliza kwa nini nalia. Hapo ndipo ningemwambia. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni kwamba nimekukumbuka. Akanipa maji, akanipa pole, akasema, "Alikuwa kijana mzuri, usingizi tu." Nikayanywa yale maji. Nimekuwa mwoga mara mbili, Kasiani, ya kwanza bila kujua na ya pili nikijua, na hiyo ya pili ndiyo inayoniandikisha barua hii.

Laptopu ninayo hapa mezani. Memori sikununua. Fundi aliniambia kwa huruma nisiitupie fedha, mwakani ukiingia mwaka elfu mbili hana hakika kama mashine za zamani hizi zitawaka. Nilimwomba kitu kimoja, airudishe miti. Nimecheza leo mchana. Miti ipo, mirefu, kijani, na kila kona gari linakwama na kuruka, kama lilivyokuwa siku ile kule juu. Nimecheza hivyohivyo, bila visikilizio.

Jumapili ijayo ni misa yako ya mwaka. Baada ya chakula watani watasimama, na Bi Tatu ameshaniletea salamu nimtafutie shati lako lile. Nitasimama kabla yake. Nitaisoma barua hii yote, mbele ya baba na mama, mbele ya mama Sabina, mbele ya hao vijana wa dungu, na nikishindwa kuendelea nitangoja nipumue, niendelee. Najua jina nililopewa na kijiji, "mwalimu wetu", linaweza lisirudi nyumbani na mimi. Lako lirudi.

Shati nimelifua, nimelikunja, limerudi sandukuni kwako. Bi Tatu nimemwandalia gauni langu.

Pumzika, kaka. Makopo nayasikia.

Mdogo wako, mwenye zamu,
Prisca