Kikwembe Chako cha Bluu

Mujukuu wangu Riziki,

Jambo sana, wewe na mutoto. Sisi huku Kisangani tuko wazima. Tonton Amisi alirudi jana kutoka Yanonge na samaki, tukala tukikutaja.

Uliniuliza kwa simu: kushi za duka, zile nepi za kutupa, zinamuchoma mutoto, ninyi zamani mulifanya namna gani? Bon, nikuambie. Mama yako alipozaliwa, kwa majivuno yangu nilimukatia kushi za kikwembe kipya, kigumu bado. Makalio yakawa mekundu, akalia siku mbili. Mama yangu hakunigombeza. Alileta kikwembe chake cha zamani, akakipasua mbele yangu, akamufunga. Mutoto akanyamaza.

"Nguo ya mutoto," akasema, "inalainika kwanza kiunoni mwa mama."

Kilikuwa kikwembe cha ndoa yake.

Riziki, kile kikwembe chako cha bluu ulichokiacha hapa siku ya kuondoka, sikukifua hata mara moja. Bado kilikuwa na harufu yako.

Leo nimekifua mara tatu, nimekianika juani, nimekikata vipande sita. Ndivyo hivi ninavyokutumia. Mufunge mutoto vizuri.

Ni mimi, Koko wako.