Kwa Mwanaidi, Kuhusu Uzi Niliokufunga Mkononi

Mwanaidi, mke mwenzangu,

Sikuulizi hali. Nikikuuliza hali utanicheka, na kicheko chako nakijua, kinaanzia puani. Nakuandikia kwenye daftari la zamani la Salima, kurasa za nyuma ambazo hakuzimaliza. Mwandiko wangu ni uleule wa darasa la nne, utauvumilia. Mimi ni bi mkubwa, na bi mkubwa akiandika bi mdogo anasoma.

Kwanza nikupe habari za mtoto wako, maana najua ndizo unazozingojea. Salima ana miaka kumi na tisa sasa. Umbo ni lako, domo ni langu. Kuanzia Manundu mpaka Masuguru hakuna anayevua perege kama yeye. Siyo kwamba nasema mimi. Haya, nasema mimi, lakini nenda kawaulize wenye migahawa. Wanaume wazima, wenye ndevu, wanakuja uani kwangu kumwomba awafungie vile vinyoya vyako vya kunasia samaki. Anakaa kwenye mkeka, ndoana ndogo kama punje ya mchele, unyoya wa shingo ya jogoo, uzi mwekundu aliouchomoa kwenye pindo la kanga, kakaratasi kanakong'aa ka pakiti ya majani ya chai. Anafunga kwa meno. Mimi nakaa pembeni nawaambia, "Huyo ni mwanangu huyo, tazameni vidole." Mmoja akaniuliza, "Na wewe mama, unajua kufunga?" Nikamwambia mimi ndiye niliyemfunza.

Uongo. Nimesema mwenyewe, usinitazame hivyo.

Wewe ndiye uliyemfunza, na mimi pia ulinifunza. Mimi ni mtu wa Handeni, maji tuliyajulia kwenye ndoo. Wewe mjukuu wa wakata mkonge ulizaliwa kando ya lile bwawa la shamba, ukanyonya huku unasikia samaki wakiruka. Nilikuchukia kwa hilo pia. Nilikuchukia kwa kila kitu.

Uliponiletea miguu yako nyumbani kwangu nilikupokea na mwiko. Watu husema nilikupiga mara moja. Nilikupiga mara tatu, na ya nne ilikuwa njiani ila uliudaka mkono ukaning'ata hapa chini ya kiwiko mpaka damu ikadondokea kwenye unga. Mume wetu akakimbilia msikitini. Unga ule tuliwapa kuku. Mwaka mzima tukapigana. Ulinivunja jino kwa kifuniko cha sufuria. Nilikuchania gauni la Idi ukiwa umelivaa, mbele ya wageni. Majirani walikuwa wakiacha kazi zao waje kututazama.

Unamkumbuka yule jamaa wa utupa? Aliyetwanga majani yale ya sumu akayamwaga bwawani, samaki wakalewa wakaanza kuelea matumbo juu, wakubwa kwa wadogo? Wewe ulimkuta kwanza. Mimi nilifika nikakukuta umemkalia mgongoni unamchapa na ufito wa kuvulia, anapiga kelele kama mbuzi. Sikuuliza. Nilichukua ndoo nikampiga nayo kichwani mpaka ikapoteza mshikio. Alikimbia na kiatu kimoja. Tukabaki tunahema, wewe umepasuka mdomo, mimi nimeshika ndoo iliyobonyea, ukasema, "Dada, una mkono mzito." Hukuwahi kuniita dada kabla ya siku ile. Siku ile ndiyo niliyokupenda.

Ukanipeleka kununua uzi. Dukani pale Manundu uliuvuta kidogo, ukauinua kwenye mwanga, ukaupitisha kwenye midomo kutafuta kovu. Mwenye duka akasema, "Mama, unanunua au unakula?" Ukamjibu, "Perege ana macho kuliko wewe. Uzi mnene anauona kama kamba ya ng'ombe." Ukanieleza njia nzima kurudi. Mdomo wa perege ni mdogo, ndoana iwe ndogo. Kinyoya kiwe kidogo kuliko kucha ya mtoto. Uzi uwe mwembamba mpaka uusahau mkononi. Na ukasema neno moja ambalo nililisikia kwa sikio moja tu: ukikamata kitu kikubwa kuliko wewe, uzi huo utakatika, nacho kiende zake na wewe uende zako.

Mimi sikupenda uzi unaokatika. Unanijua. Nilitaka kambare wa kubebwa begani, watu watoke majumbani. Nilinunua uzi mnene uliosokotwa, na ndoana kubwa kama kidole kilichokunjwa. Nikawa naufunga mkononi kwa mafundo mawili ili usiniponyoke, halafu nazunguka mtaani najisifu. Jioni moja nilimpiga kambare kichwa kwa jiwe mlangoni kwetu, makusudi, kila mtu aone, damu ikaruka ukutani sikuifuta kwa wiki. Wewe ulikuwa unacheka tu na perege wako wa ukubwa wa kiganja.

Sasa nafika penyewe. Nimetembea polepole, umeona.

Mwaka ule bwawa lilikauka, tukawa tunashuka mto Pangani. Mashemeji walikuwa wanakuja kutoka Handeni, na mimi nilikuwa nimeshatangaza kwamba watakula kambare mrefu kama mkono wangu. Kisha bega likaniuma, siwezi kurusha. Nikakwambia, "Leo vua wewe, kwa uzi wangu. Acha huo utando wako wa buibui." Ukasema hapana. Nikakwambia unaogopa. Nikakwambia unavua watoto wa samaki kwa sababu wewe mwenyewe ni mtoto. Ukaunyosha mkono ukasema, "Haya funga, ninyamazie." Nikafunga. Mafundo mawili. Nikayakaza kwa meno.

Kambare alikula. Mkubwa, Mwanaidi, hata leo siwezi kusema uongo, alikuwa mkubwa. Nikaanza kupiga vigelegele. Halafu maji yakafunguka, mamba akamchukua kambare pamoja na ndoana, akageuka, na wewe ukaenda naye. Magoti kwenye tope, kisha tumbo. Nilikurukia kiunoni nikakukumbatia. Ukasema kata.

Ulisema kata. Mara tatu. Kisu cha samaki kilikuwa kiunoni mwangu, nimekichomeka kwenye kanga, mpini ulikuwa unanichoma mbavu huku nimekushika. Na mimi nikavuta. Nilisema, "Nimekushika, mimi sishindwi!" Niliyasema hayo. Nilitaka kumshinda mamba, Mwanaidi. Nilidhani nina nguvu za kumshinda. Mkono wako ulilia kama kuni inayovunjwa, nikabaki na kanga yako na ngozi ya kiuno chako kwenye kucha zangu.

Siku ya pili wakakuona kwenye matete, upande wa chini wa mto. Waliokutoa walikufunika shuka haraka, hawakutazama. Mimi niliomba kukuosha. Niliingia kwanza, peke yangu, kabla ya wanawake wengine, nikaona uzi bado uko mkononi, umezama mpaka kwenye mfupa. Niliukata. Hapo ndipo nilipojua kutumia kisu. Wenzangu walipoingia wakauliza alama ile ni ya nini, nikasema ni jino la mamba. Na nje nikasema ulikuwa umeinama unachota maji, akakudaka mguu. Watu wakanipa pole, wakasema mimi, Mama Shabani, nilipigana na mamba kwa mikono mitupu. Nikaipokea sifa hiyo. Nimeila miaka saba.

Nimemlea mtoto wako vizuri, hilo hulikatai. Alikuwa na miaka kumi na mbili, nikalala naye kitanda kimoja mpaka akaacha kuota. Mwalimu aliyempiga mpaka kumchubua nilimfuata shuleni na mchi. Kijana aliyemshika njiani kwa nguvu, sasa anapita mtaa wa pili. Akiniita mama mkubwa nilikuwa naitika hata kabla hajamaliza.

Wiki tatu zilizopita alirudi kutoka Manundu amefurahi. Kuna harusi, mwenye mgahawa anataka kambare wakubwa, perege hawatoshi. Alikuwa uani anapasua samaki, matumbo yanaruka kwenye beseni. Akasema, "Mama mkubwa, ule uzi wako mnene si bado uko chini ya kitanda? Kesho nashuka mtoni. Nitaufunga mkononi mafundo mawili, kama ulivyokuwa unafanya wewe."

Kama nilivyokuwa nafanya mimi. Sikumfunza hata siku moja. Amejifunza kwenye majisifu yangu.

Nilimwambia usiende. Akacheka. Nikamwambia mto mbaya. Akasema, "Mimi sichoti maji, mama mkubwa, nitakaa mbali na ukingo." Unaona? Uongo wangu ndio uliokuwa unampeleka. Nikakaa chini kwenye matumbo ya samaki, nikamwambia yote. Uzi, mafundo, meno yangu. Kata, kata, kata. Kisu. Na kuoshwa kwako.

Alisimama akachukua ufito wake wa kuvulia akanipiga nao mpaka ukakatika. Kisha akachukua ubao wa kupasulia. Mwanaidi, mtoto ana mkono! Wa kwanza ulinipata begani, wa pili ulinipasua juu ya jicho, wa tatu sikuuona ulipotoka. Majirani wakaingia mbio, wanamshika, mmoja anataka kumpiga. Nikawapigia kelele na damu mdomoni, "Mwacheni! Mtoto wangu yuko kwenye haki yake, tokeni kwangu!" Wakanipakia kwenye bodaboda. Zahanati nesi akauliza nani kanifanya hivi, nikamwambia, "Binti yangu. Tazama kazi hiyo, amenipata mahali pamoja mara mbili." Nesi akasema nimechanganyikiwa. Nilishonwa nyuzi saba.

Salima akapanda kwenda Vugiri kwa mjomba wake. Siku nne sikula. Nilikuwa nakaa mlangoni naogopa kwamba amepitia mtoni.

Siku ya tano akaingia. Hakuniamkia. Alikwenda chini ya kitanda akatoa uzi mnene, akauweka juu ya kizingiti, akaukatakata kwa panga. Kila pigo alikuwa ananitazama. Kizingiti kina makovu sasa, hatutakibadilisha. Vipande akavitia motoni, vikanuka nyumba nzima. Kisha akakaa na uzi wako mwembamba, ule wa mwisho ulionunua, ambao umebaki kidogo, akafunga kinyoya. Ndoana ikamchoma, akanyonya damu akaendelea. Watu wa harusi alikwishawaambia watafute kambare kwingine.

Akasema, "Mama Shabani."

Ndivyo anavyoniita sasa, kama majirani. Ulinipiga sana maishani mwako, bi mdogo, lakini hukuwahi kunipiga hivyo.

Akasema, "Ulijisifu mbele za watu. Na hili kaseme mbele za watu. Baba awepo."

Nikamwambia baba yako ataniacha. Akasema huenda. Nikamwambia nitachekwa mpaka Handeni. Akasema, "Utachekwa." Nikamuuliza, nikishasema, utaniitaje? Alikata uzi kwa meno akaanza kinyoya kingine.

Leo Ijumaa tunakusomea hitima. Mashemeji wote wamefika, mume wetu amevaa kanzu tangu asubuhi kama bwana harusi, ananiuliza kwa nini nimepika kidogo. Watu watakapomaliza dua nitasimama. Nimejaribu kuyasema maneno peke yangu jikoni, na kila nikifika kwenye kisu naanza kueleza jinsi nilivyokuwa na nguvu. Ulimi wangu umezoea vibaya. Kwa hiyo nimeyaandika hapa kwanza, kwako, bila mapambo, ili nikipotea niyasome kwenye daftari.

Sikuombi unisamehe. Ukinisamehe upesi nitajisifu kwamba umenisamehe. Nakuahidi mawili tu. Nitayasema yote, na mafundo, na meno, na zile mara tatu. Na mtoto hatarudi kwenye mto ule kwa uzi usiokatika, hata kama atakuwa haniiti chochote, hata kama itabidi anipige kila nikimzuia. Mwili wangu bado mnene, utabeba.

Lala, Mwanaidi wangu. Nilikupenda kwa mwiko na kwa ndoo, na sikukupenda kwa kisu siku ulipokihitaji. Wageni wameanza kukunjua mikeka. Salima amesimama mlangoni, ameniletea kanga safi ya kujifunga. Ananisubiri nimalize mstari huu.

Mimi mwenzako,
Mama Shabani