Mwalimu Asiyekuwemo Kwenye Picha

Mjukuu wangu Ndeshi,

Marahaba. Bibi yako mzima, na ng'ombe amezaa jike. Mimi ndiye nisiyetulia, nakaa, nasimama. Jumapili usharika unaanza kutoa tuzo ya kila mwaka kwa walimu wa tarumbeta. Wa kwanza ni marehemu Mwalimu Elia, aliyenifundisha mimi, na kamati inanidai picha yake akiwa na bendi. Nawe unauliza mbona kwenye zile nilizokutumia hayupo.

Asubuhi moja ya Pasaka tulikuwa tunapiga makaburini. Katikati ya wimbo akaweka tarumbeta yake kwenye nyasi, akaondoka. Tukaendelea, maana wimbo wa Pasaka haukatishwi. Tulipomaliza akatokea migombani, suruali imelowa hadi magotini.

"Nimevuka mto," akasema. "Wagonjwa wa ng'ambo hawawezi kuja huku. Nilitaka kujua kama mnawafikia."

"Tumewafikia, Mwalimu?"

"Mmewafikia."

Tangu siku hiyo, tukishaanza kupiga vizuri, akawa anaondoka. Leo nimepekua sanduku tena. Picha ni nyingi, mjukuu wangu, na katika zote yeye yuko ng'ambo, anasikiliza.

Babu yako