Hilda Hatakuja Kwenye Ngoma ya Veronika

Dodoma, Jumapili mchana

Mdogo wangu Mama Hilda,

Wewe ndiye wa kuniamkia, maana mimi nilianza kutembea wakati wewe hujawa hata habari. Lakini kwa kuwa najua ukishafungua barua hii hutaniamkia tena mwezi mzima, nachukua yangu mapema: marahaba. Hujambo? Mguu je, bado unavimba jioni? Shemeji yangu Baba Hilda amepunguza kukohoa au amepunguza kusema tu kwamba anakohoa? Na maji yametoka bombani huko Chilangala, au bado mnatukanana kwenye foleni ya ndoo?

Mimi nipo. Magoti yanalia nikikaa, yanalia nikiinuka, basi siku hizi nabaki katikati kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Vumbi la huku limekula macho, viatu vya watu vimekula mgongo. Nimechoka, mdogo wangu. Si uchovu wa kufa, usianze kukopa kuku wa matanga. Ni ule uchovu wa mtu ambaye kila shauri la ukoo likikwama linapakiwa kwenye basi na kuletewa yeye.

Utasema kwa nini naandika na simu ipo. Naandika kwa sababu simu unakata. Kila nikifika kwenye neno lenyewe unasema mtandao mbaya, na huku nasikia mpaka mbuzi wako anavyocheua. Barua haina kitufe. Uichane ukitaka, lakini utabaki hujui ilimalizikaje, na mimi nakujua tangu unanyonya, huwezi kulala na jambo ambalo hujajua mwisho wake.

Neno lenyewe natanguliza, ili ukasirike mapema upate muda wa kupoa: Hilda hatakuja Desemba kumtoa mdogo wake Veronika unyagoni. Haya. Shemeji, mpe maji. Sasa endelea kusoma.

Jumamosi ya wiki iliyopita, si hii ya jana, Hilda alikuja pale barazani ninaposhonea viatu na Mzee Saidi, yule mtani wangu Mmakua wa Lisekese. Akanipigia shikamoo ya chini, ile ya kuomba kitu. Nikamwambia, "Marahaba, mjomba. Umekonda. Hicho chuo wanakula wao nyinyi mnatazama?" Hakucheka. Akatoa karatasi yenye vyumba vyumba, akasema ndio mpango wake wa masomo wa mwaka wa pili, na kwamba nyumbani mmesema lazima mjomba auone.

Mmesema kweli, kwetu mtoto hakatiwi shauri bila mjomba. Lakini mlisahau kwamba mjomba mwenyewe aliishia darasa la nne, na la nne lenyewe nilimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona. Nikavaa miwani, nikaitazama ile karatasi kama naielewa. Saidi akachungulia, akasema, "Mmakonde, umeigeuza juu chini." Hata haikuwa juu chini, ni uchokozi wake tu, lakini niliigeuza.

Nikamuuliza Hilda, "Hili lililokatwa kalamu ni lipi?"

"Takwimu, mjomba. Nimelisogeza hadi mwakani."

"Ni la nini?"

"La kuhesabu wagonjwa."

"Wakishahesabiwa wanapona?"

Hapo akacheka kidogo. Akasema ukijua walioharisha ni wangapi na wanachota maji wapi, unajua kisima kipi kifungwe kabla wengine hawajaugua. Nikasema sawa, sasa mbona limekatwa? Akaikunja ile karatasi. Akasema tu mshauri wake wa masomo hakuupenda mpango huo, na amemwita arudi naye Jumatatu.

Mshauri! Mdogo wangu, nilishtuka. Mshauri wa mtoto ni mimi, huyo mwingine kampa nani? Kumbe chuoni kila mwanafunzi ana wake. Nikasema basi nitakwenda kuonana na mwenzangu, tushauriane.

Unajua shauri la binti wa ukoo haliendewi na mtu mmoja wala mikono mitupu. Jumatatu nikavaa koti la mazishi, nikamchukua Saidi awe msemaji wangu, nikafunga kwenye gazeti zile korosho ulizoniletea. Hilda alituona kwenye lango la chuo akataka kurudi alikotoka. Nikamwambia tangulia.

Mshauri ni mwanamke kijana, ana suruali na miwani, ofisi yake ndogo kuliko jiko lako. Tukakaa. Saidi akaanza taratibu, kama ilivyo desturi, bila kutaja jambo. "Binti yetu," anamwambia, "sisi ni wageni wako tumetoka mbali. Tumesikia hapa kwako kuna kitu, na sisi tuna kitu, tukaona si vibaya vitu hivi vikajuana." Mimi nikasogeza korosho mezani.

Yule mwalimu akatutazama, akatazama korosho, akasema kwa heshima kabisa, "Wazee wangu, kama ni posa, mimi nina mume."

Saidi hajapona mpaka leo. Kila mteja akileta kiatu anasimuliwa jinsi Mmakonde alivyokataliwa na mke wa mtu chuo kikuu. Hilda alijifunika uso na mkoba. Nikaona adabu yetu itatuua, nikasema wazi: mimi ni mjomba wa huyu, nimekuja kwa habari ya masomo yake. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Korosho akazirudisha, akasema kazini kwake haruhusiwi. Basi tukazila wote pale pale, naye akala, maana kula na mgeni hakujakatazwa.

Halafu akanieleza, na hapa usome taratibu. Hilda alijipangia muhula huu masomo mepesi ya kuchagua tu, lishe na uongozi wa huduma za afya, na takwimu akaiacha, kwa sababu ina mitihani midogo kila wiki na asingepata nafasi ya kuja Desemba. Mwalimu akasema, "Mzee, takwimu inafundishwa muhula huu tu. Asipoisoma sasa, muhula ujao hataruhusiwa kusoma mwenendo wa magonjwa. Asiposoma hilo, likizo ndefu haendi vijijini kwa mafunzo ya vitendo. Na asipokwenda huko, mwaka wa tatu hana utafiti wa kuandika. Wenzake watavaa majoho, yeye atawapigia makofi."

Nikamuuliza, "Na nyinyi mbona mnafundisha wakati wa ngoma?"

"Mzee wangu, ratiba haikuniuliza hata mimi."

Wewe ni mkulima wa mikorosho, sina haja ya kukueleza sana. Salfa unapulizia mkorosho ukiwa kwenye maua. Maua yakishaungua kwa ukungu, hata ukipulizia gunia zima unayapaka majani poda. Ndivyo yalivyo masomo ya huyu mtoto. Kila moja limekalia mlango wa jingine.

Na hapo hapo nikutoe tongotongo: Hilda hasomei kuchoma sindano. Najua umewaambia kanisani kwamba ni daktari, na kuna mzee wa huko anampigia kuhusu mgongo wake. Anasomea afya ya jamii, yaani watu wasiugue. Mgongo wa mzee yule hauwezi. Hata mimi nilimwonyesha magoti, akaniambia, "Mjomba, nenda hospitali."

Tulipotoka nje Saidi akatangulia, nami nikamuuliza Hilda kwa nini hakukwambia wewe mapema. Ndipo alipolia. Si kilio cha kelele, yule hajui, amechukua kwa baba yake. Akasema, "Mama alisema nisipokuja, Veronika atatolewa na mtu wa nje kama yatima, na yeye Mama hatatoka ndani siku hiyo."

Mama Hilda. Hayo ni maneno ya kumwambia mtoto aliye peke yake mbali? Mwenzio amekata somo kwa kalamu nyekundu akidhani anakata tu wiki chache, kumbe anakata mwaka wake mzima. Na angekaa kimya, angekuja, angecheza, angekuachia furaha yako, kisha angerudi huku kubeba hasara hiyo peke yake.

Sasa tuseme kweli wewe na mimi. Kwenye ukoo wetu mwali anatolewa na dada yake, sawa. Lakini Veronika ana dada mmoja tu? Beata ni nani? Mtoto wa dada yetu marehemu, tumbo moja na wewe. Kwetu mtoto wa mama mkubwa si binamu, ni dada, dada kamili, na hili ulifundishwa kabla hujafundishwa Baba Yetu. Beata anakaa hapo Chilangala, mwendo wa kupiga kelele akasikia. Umemng'ang'ania Hilda aje kutoka Dodoma kwa sababu hutaki kumwomba Beata, na hutaki kumwomba kwa sababu ya ule ugomvi wenu wa bombani, nani alisogeza ndoo ya nani. Ndoo, mama! Ndoo imekaribia kumnyima mtoto shahada.

Nimeshampigia Beata. Amekubali kabla sijamaliza, halafu akakusema kidogo, halafu akakubali tena. Ameshaanza kutafuta kitenge. Kwa hiyo Veronika atatolewa na dada yake, hakuna yatima hapo, na wewe utatoka ndani.

Hilda tumemjazia upya mpango wake mbele ya mwalimu, takwimu imerudi mahali pake. Lakini nakwambia ukweli, moyo wake haujakaa. Mwalimu amesema anaweza kubadili tena mpaka Ijumaa, na naogopa atabadili, kwa sababu kila simu ikilia anadhani ni wewe na anajifuta machozi kabla ya kuitazama. Mimi naweza kumwambia "soma" mpaka mate yaishe. Mjomba anakata shauri, lakini mtoto anasikiliza pumzi ya mama yake. Barua hii nampa binti wa mchungaji anayepanda basi kesho alfajiri, atakufikia kabla ya Ijumaa. Mpigie. Usimtajie ndoo, usimtajie Beata, usimwambie umevumilia kiasi gani. Mwambie umesikia, na umekubali. Ukitaka kulia, malizana naye kwanza, kisha nipigie mimi. Mimi sitasema mtandao mbaya.

Nisalimie shemeji, mwambie asipulizie salfa bila kujifunga kitambaa, ndiyo hiyo inayomkohoza, na hili silitoi kwangu, kanifundisha Hilda. Nisalimie katekista wetu, mwambie bado nasali, ila huku ibada ni ndefu na mabenchi ni magumu. Nisalimie mama mkwe wako, kama bado anadai mimi ndiye niliyekula jogoo wake, asamehe au afe na kinyongo chake. Na Veronika, mwambie mjomba wake anamwombea, na asiogope.

Wanawake wa kijiji watauliza. Watauliza kwenye ngoma, watauliza bombani, wataimba hata wimbo, nawajua. Watasema mama gani huyu, binti yake mkubwa hakuja. Usijitetee. Waambie ungependa aje, ulimwita, lakini yuko mzee mmoja mbishi Dodoma, mshona viatu, alimkatalia. Waniimbe mimi. Nina mgongo mbovu lakini kwa hilo bado unatosha; mjomba amewekwa kwenye ukoo kwa kazi gani nyingine?

Ni mimi kaka yako, ambaye lawama zote zipelekwe kwake.