Kidole cha Alois kwenye asali ya watu

Mage, acha kupika, soma hii kwanza.

Leo mdogo wangu Alois alikuwa na usaili Kanyenye, kwenye kampuni ya kufungasha asali. Nilimfunda mwenyewe: vaa tai, amkia kwa sauti, usiguse kitu cha watu. USIGUSE, Mage!

Wakamwacha peke yake chumbani na chupa ya asali mezani. Mtoto aliyekulia kwenye mizinga ya babu! Mkono ukaitangulia akili.

Mlango ukafunguliwa, wasaili watatu hao, na kidole kiko mdomoni. Mdomoni!

Mama mkurugenzi akauliza, "Kijana, ndiyo nini hiyo?"

Angeomba radhi tu, tukaizika aibu. Yeye akameza, akasema, "Shikamoo mama. Asali hii imerinwa kabla haijaiva. Itachacha."

Itachacha! Anamwambia mwenye asali! Na ulimi haukurudi nyuma.

Mama akawaongoza wote hadi stoo, Alois nyuma kama mtuhumiwa, akaagiza pipa lifunguliwe. Mage, povu juu! Harufu kama kilabu cha pombe. Mtunza stoo akaanza kuvikagua viatu vyake.

Basi wale waombaji wengine tisa wenye vyeti vyao wameambiwa watapigiwa simu. Alois kapewa kazi palepale: kuonja kila asali inayoletwa kabla haijapokelewa. Anaanza Jumatatu.

Alipofika mlangoni, mama akamwita tena.

"We kijana. Uje na kijiko."